Picha Nyeupe ya Chumba cha Tatu

16 Januari 1994

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, hata kama hujaniamkia, maana najua wewe na kalamu hamuivi chungu kimoja. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika njiani, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote: jana kanigombeza asubuhi nzima kwa sababu niliweka sufuria kubwa ndani ya ndogo, sijui hata niliwezaje. Barua hii anaibeba shemeji yako kwenye lori lake, kwa hiyo ikinuka dizeli usinilaumu mimi.

Sasa nisikilize. Mwalimu wetu wa sanaa amestaafu. Mkuu wa shule akaangalia ratiba, akaona mimi wa hisabati ndiye mwenye vipindi vichache, akanitwisha somo lake. Mimi! Unamkumbuka yule kuku niliyemchora ukadhani ni birika. Nimekabidhiwa chumba chenye brashi zilizokauka na buibui wanene. Mada ya mwaka huu imeandikwa hivi: "Wasanii wa kisasa na mawazo yaliyomo katika kazi zao." Kitabu hakuna. Picha hakuna. Mwalimu, ndiyo kama unavyoniona.

Mkaguzi anakuja Juni. Asiporidhika somo linafutwa, na chumba kinageuzwa stoo ya madawati mabovu. Mkuu alilisema hilo mbele ya walimu wote huku anachekacheka.

Wewe unashinda na kazi za hao watu kwenye hilo jumba lenu la sanaa, mwaka wa sita huu, na hujawahi kutuandikia chochote juu yao. Ni watu gani? Wanataka nini? Wanafanya vile kwa kuwa hawajui kuchora, au wanajua na wanatukusudia? Andika kwa kirefu, nitawasomea wanafunzi. Na lugha yako iwe ya heshima.

Ni mimi Dada yako.


21 Februari 1994

Dada,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Barua ilichelewa kwa sababu Shemeji aliisahau chini ya kiti, ikaenda nayo safari mpaka mpakani ikarudi. Mimi mzima. Chumba ninachopanga kinavuja upande mmoja tu, na kitanda nimekisogeza upande mwingine, kwa hiyo sina shida.

Kwanza uijue kazi yangu vizuri, maana najua Mama anawaambia majirani nina meza. Sina meza. Nina kiti cha mbao mlangoni mwa chumba cha tatu, chenye kazi za wasanii watatu, na sweta ya buluu. Kanuni ya kwanza: mlinzi hatazami picha, anatazama mikono ya watu. Kanuni ya pili: haondoki kitini mpaka mwenzake wa zamu afike, na akifika anatoka moja kwa moja, hazururi. Wasanii nimewajua kwa kuwasikia wanaoongoza wageni, na kwa kupiga soga na wasanii wenyewe wanapokuja kupanga kazi zao.

Yupo mmoja tunamwita Fundi Viti. Ametoa viti kwenye ofisi moja iliyofungwa, akavipanga vyote vimekupa mgongo. Ukiingia unahisi umechelewa mkutano na wenyewe wamekukasirikia. Wageni wanashusha sauti bila kuambiwa. Nilimuuliza, wewe fundi mzima, mbona hukutengeneza vyako? Akasema, "Kiti kipya hakina mtu. Hiki kimekaliwa na karani mmoja mpaka kimeinama alikokuwa anaegemea yeye. Mimi nachora watu, ndugu yangu, ila nawachora kwa walichoacha." Siku moja niliinuka kidogo kupokea chai nje ya mlango, sweta nimeitundika kwenye kiti changu. Bwana na bibi wakasimama mbele ya kiti hicho, wakakizunguka, bwana akasema kile ndicho kimemgusa kuliko vyote. Nilishindwa kwenda kukaa.

Wa pili ni Bwana Mistari. Kila siku huchora mstari mmoja kwa penseli kwenye karatasi ndefu, bila rula, na kila siku anajitahidi unyooke. Haunyooki. Siku aliyopata mtoto unapanda. Siku alizougua malaria unatetemeka mpaka unamwonea huruma. Anasema yeye hachori mistari, anachora kushindwa kuinyoosha. Nilicheka. Halafu nikaenda nyumbani nikajaribu, wa kwangu ulinyooka siku ya kwanza tu, nikavimba kichwa, wa pili ukaenda kombo.

Je, hayo yanatosha kidato cha tatu?

Mdogo wako.


27 Machi 1994

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mama ameipokea yake kwa mbwembwe. Habari ya meza imemkata maini, lakini amesema kiti nacho ni kitu, babu yenu hakuwa na hata kigoda. Mpwa wako ameota meno mawili na anamuuma kila mtu.

Yanatosha? Kipindi kilipoisha hawakutaka kutoka! Niliingia darasani, nikawasomea barua yako kama risala. Mwanzo walivunjika mbavu. Halafu akasimama binti mmoja ambaye mimi namwita Mbishi, maana hakuna jambo analolikubali mara ya kwanza, akasema, "Mwalimu, kwani wewe ulitufundisha kwamba mstari una urefu lakini hauna upana. Huo wa penseli una upana. Kwa hiyo huyo bwana hajawahi kuchora mstari hata mmoja." Nikashika chaki, nikautazama mstari wangu ubaoni. Miaka yote hiyo nachora mistari ubaoni na kuwaambia ni mstari, kumbe ninachokichora ni alama tu, mstari wenyewe upo kichwani. Huyo Bwana Mistari anajua hisabati kuliko mimi! Nilijisikia raha ambayo sijaisikia darasani siku nyingi. Kila mwanafunzi sasa ana karatasi yake ndefu na mstari wake wa kila siku. Mimi pia. Wa Jumatano iliyopita usiuulize.

Umesema chumba chako kina wasanii watatu na umeandika wawili. Wa tatu yuko wapi? Au ni yule uliyewahi kumtaja kwa Shemeji, anayepaka nyeupe juu ya nyeupe? Darasa halilali. Mbishi anasema hilo haliwezekani na kama linawezekana ni utapeli.

Dada yako mwenye vumbi la chaki.


30 Aprili 1994

Dada,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ulinifundisha mtu asiandike akiwa na hasira. Sababu nitaisema mwishoni. Nianze na darasa, kwani hao hawajanikosea.

Wa tatu ni mwanamke, tunamwita Mama Chokaa. Sijawahi kumwona. Picha yake ni turubai moja kubwa, ndefu kumshinda Shemeji, na yote nyeupe. Mbishi mwambie inawezekana. Anayeongoza wageni husema hivi: huyu mama alikulia kwenye nyumba ambayo kuta zake zilipakwa chokaa kila mwaka. Chokaa ya mwaka huu ilifunika alama za mwaka jana: mkono wa mtoto, moshi wa taa, tundu la msumari. Hazikuondoka, zilifunikwa. Basi naye anapaka, anakwangua, anachora kitu, anakifunika, anapaka tena. Kila kitu kilichotokea kwao kimo mle chini.

Na kinaonekana, Dada. Hilo nakuhakikishia. Ni kama shamba lililolimwa juzi. Kuna matuta, kuna mabonde, kuna vivuli virefu vya buluu, na upande wa chini kuna kitu kama kiganja. Jua la alasiri likiingia dirishani picha nzima inainuka. Ninaitazama kila siku kwa kuibia, na kanuni ya kwanza naivunja bila aibu. Wageni wanapita mbele yake wanasema "nyeupe tu" na kuondoka, na mimi nawashangaa.

Sasa la hasira. Shemeji amenidokeza. Somo likifutwa, shule itabaki na walimu wa hisabati wa ziada, na barua ya kukuhamishia kule reli inakoishia imeshapigwa chapa, inangoja sahihi. Mama hawezi safari ile. Nani atabaki naye, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali? Unaniandikia habari za meno ya mtoto, hili unalikalia! Mimi si kitinda mimba wa kufichwa mambo tena. Nina ndevu.

Nijibu hilo.

Mdogo wako.


9 Juni 1994

Kitinda,

Salamu utazipata siku nyingine. Mama mzima. Hilo la uhamisho tuliache.

Mkaguzi alikuja juzi. Darasa lilikuwa limejipanga, sijapata kuona. Kutokana na barua yako kila mmoja alitengeneza ukuta wa kwao: kadibodi, unga wa ngano, gundi, chokaa, tabaka juu ya tabaka. Mbishi ameficha mle chini msumari aliokuwa akitundikia koti marehemu baba yake. Mwingine ameweka alama walizokuwa wakimpimia urefu, mpaka alipohama nyumba ile. Mtoto anakueleza ukuta wake mpaka unataka kulia. Ukutani tuliandika: "Kwa kufuata mawazo ya Mama Chokaa."

Mkaguzi akazunguka polepole, mikono nyuma. Ni mtu mpole, simlaumu. Akafungua mkoba akatoa kitabu cha hilo jumba lenu, chenye picha za kazi zote. Akafungua ukurasa. Nyeupe. Nyeupe kama shuka, Kitinda! Hakuna tuta, hakuna bonde, hakuna kiganja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wanafunzi wasisikie, "Mwalimu, umewahi kuiona kazi hii?" Nikasema sijaiona. "Aliyekueleza ameiona?" Nikasema anaiona kila siku. Akafunga kitabu. Akasema darasa limefanya kazi nzuri sana ya kitu ambacho hakipo, na somo ni kuwajua wasanii, si kuwatungia.

Mbishi alisikia. Mbishi husikia kila kitu. Hakubisha, na hilo ndilo lililonimaliza.

Atapita tena tarehe ishirini na nane akirudi kutoka shule za mbele, ndipo aandike ripoti. Mimi sina la kumwambia. Nilikuomba unieleze, sikukuomba unipigie chuku. Ulikuwa ukitia chumvi tangu mtoto, lakini hii umemwaga gunia. Niliwasomea watoto wa watu maneno yako kama amana.

Dada yako.


25 Juni 1994

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, lori linaunguruma nje.

Nilipoisoma barua yako chakula kilinishinda. Siku iliyofuata mwenzangu wa zamu alipofika, sikutoka. Nilikwenda nikasimama mbele ya picha, katikati kabisa, wanaposimama wageni. Mwaka wa sita, Dada, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama pale.

Nyeupe. Hakuna kitu. Nikadhani nimerukwa na akili. Taa za juu zinaipiga usoni, basi. Nikarudi nyuma taratibu mpaka kwenye kiti changu, nikakaa, nikageuza shingo. Shamba hilo hapo, na mabonde yake na kiganja chake.

Sikukudanganya. Kiti changu kiko kwenye mlango ulio ukuta uleule wa picha. Sijawahi kuitazama ila kwa ubavu, na dirisha liko upande wa pili, mwanga unaiparaza. Nilikuwa najua picha ambayo hakuna mgeni aliyeijua, wala sikuwa na habari. Nikawaza namna ya kumweleza mkaguzi nikaona hakuna, ataniambia mlinzi anajitetea.

Jana ukumbini akaingia mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na watu wawili wenye kamba. Jumba limeamua kuishusha ile picha, wageni hawasimami. Yeye ndiye Mama Chokaa, amekuja kuichukua. Alisimama mbele yake ametulia, hana hasira wala nini, kama mtu aliyezoea. Nikapiga moyo konde. Niliondoka kitini mbele ya msimamizi, zamu haijaisha, nikamwambia, "Mama, samahani, njoo ukae hapa."

Akanitazama. Akakaa. Ilikuwa alasiri.

Alivua miwani akaifuta, akaivaa. Halafu akapiga paja lake kofi, akasema, "Hiyo! Hiyo hapo! Nani ameweka kiti hapa?" Msimamizi akasema ni cha mlinzi. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Dada, chumba alimoipaka picha ile kilikuwa chembamba kama ujia. Hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata hatua. Alikuwa anapaka, kisha anakwenda kukaa mlangoni, anaitazama kwa ubavu dirisha likiwa mbele. Hivyo ndivyo alivyoiona mpaka ilipokwisha. Jumba lilipoiazima aliwaomba waitundike vile, wakaona ni madeko ya wasanii.

Nilimwambia yote. Darasa, unga wa ngano, msumari wa koti, mkaguzi. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo shule ni mbali?"

Kwa hiyo barua hii haibebwi na Shemeji. Mama Chokaa yuko naye kiti cha mbele cha lori, amefunga kilemba kwa ajili ya vumbi, na ndiye anayekukabidhi. Mkaribishe. Hapendi sukari kwenye chai.

Mdogo wako asiyetia chumvi.


10 Julai 1994

Kitinda, mdogo wangu, ndevu zako nimezikubali!

Marahaba mara mia. Kwanza nikuombe radhi: nilikuita mwongo, na hukuwa mwongo. Basi, nimesema, usinirudishe hapo tena.

Siku ileile ya mkaguzi, lori lilipiga honi getini wakati wa kipindi cha tatu. Mama mfupi akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Kuta ziko wapi?" Hakutaka chai, hakutaka kukaa ofisini kwa Mkuu, ambaye alikuwa anakimbia na funguo huku na huko. Aliingia chumba cha sanaa, akaenda ukuta kwa ukuta, na kila mmoja alimtaka mwenyewe aeleze. Alipofika kwa Mbishi alikaa naye sana. Nilimsikia akimuuliza alifunika msumari kwa tabaka ngapi. Mbishi akasema alifunika mpaka alipoacha kuumia kuuona. Yule mama akamshika bega.

Mkaguzi akafika kama alivyoahidi. Nilikuwa nimemwandalia hotuba, lakini Mbishi akanitangulia. Alivuta kiti mpaka kwenye mlango, akazima taa, akafungua dirisha la upande wa pili. "Mzee, tafadhali kaa hapa. Usisimame mbele. Mbele ndipo aliposimama mpiga picha wa kitabu chako."

Mkaguzi ni mtu mnene, kiti kililia. Akageuza shingo. Kuta zote za wanafunzi wangu ziliinuka kwa pamoja, Kitinda! Kila tuta, kila alama ya urefu. Msumari wa koti ulitupa kivuli kirefu. Mkaguzi akasema, "Aa." Akasimama, akaenda mbele, akarudi, akakaa tena. Kisha akafungua kitabu chake kwenye ule ukurasa mweupe, akakiangalia, akamgeukia Mbishi: "Kwa hiyo hii ndiyo ile mliyoniambia ni kama shamba?"

"Si shamba, mzee. Ni ukuta wa kwao. Tuliita shamba kwa sababu mjomba wa barua amekaa vibaya."

"Kakaa vizuri," ikasema sauti kutoka nyuma. Ndipo mkaguzi alipoambiwa yule mama ni nani. Bwana yule alisimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Lakini alikuwa muungwana: alicheka, akampa mkono Mbishi kwanza, ndipo akampa yule mama. Alimuuliza Mbishi maswali mengine mengi, ya Fundi Viti, ya mistari, na kila mkaguzi alipotaja jina la kitabuni, Mbishi alijibu kwa wazo. Niliona fahari mpaka shingo ikaniuma.

Ripoti imefika jana. Somo linabaki, kwa kuandikwa na kupigwa muhuri, na mwalimu wake asiguswe. Mkuu ameniletea mwenyewe brashi mpya na hachekicheki tena. Huko kwenu Shemeji anasema picha haishushwi, wamezima taa zake za juu, na kiti kimebaki pale kwa ajili ya wageni. Wewe wamekupa kingine chenye mto. Hongera, mwenye mto!

Sasa lile nililokataa kukujibu. Ni kweli. Nilijua tangu Januari. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukarudi, na Mama sikumwambia kwa sababu nilijua angelia. Nilikuwa nalia mimi, jikoni, kwa zamu zangu.

Jana jioni nikaketi kitandani kwake, nikamwambia yote toka mwanzo, nikamalizia: "Lakini sasa siendi popote." Hakushtuka. Aliniambia niiname nitazame uvunguni. Nikavuta sanduku lake. Limejaa, Kitinda, limefungwa kamba. Khanga zake, dawa za goti, picha ya marehemu Baba, hata nepi za mpwa wako kazikunja mle. Shemeji alishindwa kumficha siku nyingi. Ameshafunga tangu Aprili.

Nikamwambia, "Mama, na goti hilo ungepandaje lori?"

Akasema, "Ungenibeba. Hebu acha kulia, fungua kamba, khanga ya juu irudishe kabatini."

Dada yako, ambaye yuko hapahapa.